Nani Anamkopesha Nani?

Hotuba kwa wakulima wa pamba, wavuvi wa dagaa, wabebaji na vibarua wa ujenzi, Mwanza. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi ya sauti. Maamkizi marefu na makofi vimepunguzwa.

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wangu mliotoka Kwimba, Magu na Misungwi, shikamooni. Akina mama wa mwaloni Kirumba, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, habari za tangu alfajiri. Vijana wa mikokoteni, mafundi na saidia fundi, naona wengine mmekuja na nguo za kazi, karibuni hivyo hivyo, hapa hakuna mgeni rasmi wa kuogopwa.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya mtu maskini katika uchumi wa nchi. Nimepewa dakika arobaini. Nitajitahidi, ila mnajua mhasibu mstaafu akishapewa kipaza sauti.

Mimi nimezeeka kwenye madaftari ya ushirika. Nilianza kama karani wa mizani, nikaishia mezani kwenye vitabu vya hesabu. Kwa hiyo uchumi naujua kwa njia moja tu: nani katoa nini, nani kapokea nini, na lini. Hilo neno la mwisho, lini, ndilo litakalotuchukua muda mrefu leo.

Kila Juni bajeti ya taifa inaposomwa, mkulima na kibarua husikika kwenye ukurasa wa kupewa. Atapewa ruzuku ya mbolea. Atapewa mbegu. Kaya maskini zitapata fedha za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Sibezi hata kimoja. Mbolea ya ruzuku nimeiona ikibadilisha shamba la jirani yangu. Lakini mtu akitajwa miaka yote kwenye ukurasa wa kupewa, mwishowe hata yeye mwenyewe huanza kuamini kwamba yuko hapa kwa hisani. Leo nataka tufungue ukurasa wa pili wa daftari. Ninachodai ni hiki: nchi hii inaendeshwa kwa mkopo, na mmoja wa wakopeshaji wake wakubwa amekaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki, hatozi riba, na mara nyingi hana hata stakabadhi mfukoni.

Tuanze na pamba, maana ndiyo iliyoujenga mji huu.

Mkulima analipa trekta au ng'ombe wa kulimia, anapanda, anapalilia mara mbili tatu, ananyunyizia dawa, anachuma kwa vidole, anatenganisha pamba safi na fifi, yaani ile chafu ya daraja la chini. Miezi yote hiyo hakuna aliyempa senti. Siku ya mnada, gunia linaning'inizwa kwenye mzani. Mzani unasoma kilo 43 na nukta saba. Karani anaandika 43. Anatoa na uzito wa gunia, na hapo hana kosa, gunia si pamba. Lakini ile nukta saba imekwenda wapi? Haikurudi nyumbani, maana pamba iko kwenye rundo. Haiko kwenye daftari, maana daftari linasema 43. Kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi ujanani tulipima magunia kama mia mbili kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe: kila gunia likipoteza wastani wa nusu kilo, jioni kuna kilo mia moja za pamba zisizo na mwenyewe. Na zilikuwa na mwenyewe, tena alikuwa anajulikana kijiji kizima isipokuwa kwenye daftari.

Hiyo ndogo. Kubwa inakuja kwenye malipo.

Mnaukumbuka msimu wa 2019. Bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasema kwa bei hiyo wataumia, benki zikasita kuwapa fedha. Pamba ikapimwa, ikaandikwa, na wakulima wengi wakarudi nyumbani na karatasi. Miezi ikapita. Sasa kihasibu, mtu aliyekupa mali yake leo ukamlipa baada ya miezi minne, amekufanyia nini? Amekukopesha. Mnunuzi angekwenda benki kuchukua fedha hizo hizo kwa miezi hiyo hiyo, angeweka hati ya nyumba dhamana, angelipa riba, angeitwa ofisini kueleza mzunguko wa biashara yake. Kwa mkulima ameandika jina tu kwenye daftari, basi.

Na mkulima huyo, shule zikifunguliwa Januari, anafanyaje? Anakwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kali. Mnacheka, lakini mnajua ninachosema. Mkono wa kulia unalikopesha soko la pamba bila riba, mkono wa kushoto unakopa laki moja kwa riba ya kila wiki. Kisha mtu anakuja na semina kumfundisha mkulima huyo elimu ya fedha!

Wazo kwamba mzigo wa nchi unabebwa kijijini halikuanza na mimi. Azimio la Arusha mwaka 1967 lililisema waziwazi: tukikopa nje tukajenga viwanda na kupendezesha miji, fedha za kigeni za kulipa madeni yale zitatoka kwenye mazao ya mkulima, hata kama mkulima mwenyewe hakufaidika na mkopo ule. Waliliandika, likapigiwa makofi, likafundishwa shuleni. Kilichofuata nitakisema baadaye kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye uchungu.

Sasa niwageukie watu wa ziwani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na kijana wa kambini anakaa siku kadhaa bila kipato kila mwezi. Hana mshahara wa mbalamwezi. Anakula dukani kwa daftari.

Giza likirudi, wanaingia ziwani. Asubuhi mzigo ukiuzwa, kambi nyingi zina utaratibu wa aina moja: kwanza yanatolewa mafuta ya injini, chakula, matengenezo ya wavu na taa, kinachobaki, tajiri mwenye chombo anachukua sehemu yake, na vijana wanagawana iliyosalia. Sisemi tajiri anaiba. Chombo kina gharama, na wavu ukichanika ni wake. Ninachowaomba mtazame ni jambo moja. Usiku ule wakikosa, nani kapoteza? Mafuta yanaandikwa deni, yatakatwa kwenye mzigo wa kesho. Duka linaandikwa deni. Kijana ameweka mtaji wa usingizi wake, na wa roho yake pia, maana ziwa hili tunalijua, upepo ukigeuka hauulizi. Kwenye vitabu vya biashara mtu anayebeba hasara pamoja na mwenye mali huitwa mbia. Kwenye mialo yetu tunamwita kibarua, tunamlipa kama kibarua, lakini hasara tunampa kama mbia.

Na mzigo huo ukishafika nchi kavu unahamia kwa akina mama. Wananunua mbichi kwa ndoo, wanaanika kwenye mchanga au kwenye vichanja. Mvua ikinyesha saa nane mchana, fedha ya asubuhi imekuwa chakula cha kuku. Wakati wa masika, mama anayeanika dagaa yuko kwenye biashara ya kubahatisha kuliko mtu yeyote mwenye ofisi mjini hapa, ila yeye hana bima na hakuna anayemwita mwekezaji.

Petroli ya injini nayo ina hadithi yake. Kila lita inayouzwa kituoni ina tozo ya barabara ndani ya bei. Mvuvi analipia lami ambayo mtumbwi wake haujawahi kupita. Mimi sina ugomvi na hilo, dagaa wenyewe wanasafiri kwa lami hiyo hiyo mpaka mipakani. Nalitaja kwa ajili ya wale wanaosema maskini halipi kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Saidia fundi akinunua kipande cha sabuni ya kuoga atoe saruji mwilini, analipa asilimia ile ile anayolipa mwenye ghorofa analolijenga. Kodi ya maendeleo, ile ya kukimbizana na mgambo vichakani, ilifutwa mwaka 2003, na wazee hapa mnakumbuka tulivyopumua. Lakini kufutwa kwa ile hakukumtoa maskini kwenye ulipaji kodi. Kulihamisha tu mahali anapolipia, kutoka kwa mtendaji kwenda dukani.

Niseme habari ya sangara kwa haraka, kwa sababu kila mgeni anayekuja Mwanza huwa anataka kuizungumzia hiyo tu. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka sana miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikafuata. Minofu ikaenda Ulaya, mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, yakaenda Asia kwa bei inayoshinda ya nyama yenyewe, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yakabaki kwetu. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilifunga mlango zaidi ya mara moja kwa sababu za usafi na sumu. Bei ufukweni ikaanguka. Kiwanda kilipopunguza kazi, vibarua walirudishwa nyumbani na samaki wa mvuvi wakakosa mnunuzi. Uamuzi ulifanyika mbali, na gharama yake ya kwanza ikalipwa kwenye mwalo na mtu asiyejua hata barua ile imeandikwa kwa lugha gani.

Sasa wale wa mjini. Najua mnaona kama nawasahau.

Pandeni barabara yoyote inayoingia kwenye vilima vya mji huu, mtaona akina mama wamekaa chini ya turubai au gunia lililochomekwa kwenye miti, wanaponda kokoto. Mama mmoja nilikaa naye nusu saa. Jiwe kubwa linapasuliwa kwanza na vijana kwa moto na nyundo. Yeye anachukua vipande, anakishika kimoja kwa pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi ili nyundo isile vidole, anaponda, anasukuma pembeni. Analipwa kwa ndoo. Lori likija, linajaza ndoo zake pamoja na za wenzake, na fedha inakuja mwenye lori akishalipwa na mjenzi. Mjenzi naye anangoja mwenye jengo. Mwenye jengo anangoja benki. Ukifuata mnyororo ule kutoka juu kwenda chini, kila mmoja anangoja kwa sababu aliye juu yake hajalipa, na kila mmoja ana pa kujishikilia. Wa mwisho ndiye mwenye nyundo. Ghorofa za mji huu zimesimama juu ya kokoto ambazo kwa muda fulani zilikuwa mkopo wa mama yule.

Na mbebaji pale mwaloni ni hivyo hivyo, analipwa kwa gunia. Gunia limeshonewa kilemba juu, lumbesa, limeongezewa kilo ambazo hazimo kwenye bei ya kubeba. Sheria inakataza lumbesa. Mgongo wa kijana unajua kama sheria hiyo inafanya kazi au haifanyi.

Liko jambo la chakula, na hili ndilo nadhani halisemwi vya kutosha. Mshahara wa mjini unaweza kukaa chini kwa sababu unga uko chini. Sembe ikipanda, mwalimu, askari, muuza duka na mlinzi wote watadai nyongeza. Ikishuka, mwajiri analala. Kwa hiyo kila mwenye kuajiri mjini ana maslahi kwenye bei ya debe la mahindi Sengerema. Ndiyo maana mara kwa mara, chakula kikipungua, serikali hufunga mipaka. Mwaka 2011 ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi. Mwaka 2017 ikazuia tena, ikataka unga ndio uuzwe nje badala ya mahindi. Nia ilikuwa watu wasilale njaa, na njaa si jambo la kuchezea. Sisi tuliokula dona la manjano la msaada tunajua. Lakini fedha ya kuwashibisha watu wa mjini kwa bei nafuu ilitoka wapi? Haikutoka Hazina. Ilitoka kwenye tofauti kati ya bei ambayo mkulima angeipata mpakani na ile aliyoipata gulioni. Kama taifa limeona ni lazima, sawa. Basi liiandike kwenye daftari: mkulima ametoa kiasi hiki. Kodi ina risiti. Mchango wa harusi una kadi. Huu hauna chochote.

Wataalamu wa takwimu, kwa haki yao, wanajitahidi. Mahindi unayolima ukala mwenyewe bila kuuza hata kikombe, wao huyakadiria na kuyaingiza kwenye pato la taifa. Kwa hiyo ugali wako umo kwenye zile asilimia za ukuaji zinazosomwa bungeni. Kupika ugali huo, kumuogesha mtoto, kumuuguza mzee, hivyo havimo. Kilimo kwa ujumla kinahesabiwa kama robo hivi ya pato la taifa, na kinabeba zaidi ya nusu ya watu wanaofanya kazi. Wapo wanaozisoma namba hizo mbili na kuhitimisha kwamba mkulima ni mvivu: watu wengi, pato dogo. Mimi nikizisoma naona pia kilo zilizoachwa kwenye nukta, bei iliyozuiwa mpakani, mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta kiwandani. Pamba ya mkulima ikichambuliwa, nyuzi ni kama theluthi tu ya uzito na zaidi kidogo. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu, inayotoa mafuta ya kula na mashudu ya ng'ombe. Thamani hiyo yote inahesabiwa kwenye safu ya viwanda. Hesabu hazina kosa. Zinaonyesha tu mali ilikothaminiwa, hazionyeshi ilikotoka.

Nilisema nitarudi kwenye penye uchungu.

Zamani, kabla ya uhuru, wazee wetu waliuza pamba kwa wafanyabiashara wenye mizani yao. Waliibiwa, na walijua wanaibiwa. Kuelekea miaka ya 1950 wakaanza kufanya jambo dogo sana: wakaweka watu wao wa kusimama penye mzani na kusoma namba. Basi. Hawakuomba ruzuku wala semina. Kutoka kwenye usomaji ule wa mzani vikazaliwa vyama vya wakulima, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria, makao yake hapa hapa Mwanza. Kijana aliyekuwa mstari wa mbele, Paul Bomani, hakuwa amefikisha hata miaka 31. Kufikia uhuru, shirikisho lile lilikuwa linatajwa kuwa ushirika mkubwa kuliko wote wa Waafrika barani, lina viwanda vyake vya kuchambulia pamba, na mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa nchi. Mtu wa mizani ya pamba alikabidhiwa mizani ya taifa.

Haikuwa rahisi. TANU ilikatazwa kufanya kazi kanda hii kuanzia 1954 hadi 1958. Wakulima walikuwa wakilazimishwa kulima matuta kwa amri, kupunguza ng'ombe kwa amri. Mwaka 1958 watu wa Geita walivuka ziwa wakaja kwa maelfu hapa mjini kudai wasikilizwe, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Wale walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Siku hizi tukisimulia uhuru tunataja mikutano ya Dar es Salaam, na ule umati wa Geita tunaupitia kama kituo cha basi lisilosimama.

Halafu, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima. Serikali yetu wenyewe ilifanya hivyo, si mkoloni. Kazi zikapewa mamlaka za mazao. Walikuwa na sababu, na baadhi zilikuwa za kweli: ubadhirifu ulikuwepo, ndugu kuajiriana kulikuwepo. Lakini aliyeadhibiwa ni nani? Mwanachama aliyeibiwa na kiongozi wake alinyang'anywa chama. Miaka iliyofuata sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikapungua, gharama za mamlaka zikameza. Sheria mpya ikapitishwa 1982, vyama vikuu vikarudi 1984, lakini vilirudi na madeni na mazoea ya kungoja maelekezo. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vikaingia mashindanoni vikiwa havina pumzi.

Sasa mtaniuliza, Mzee, unalalamikia wanunuzi na serikali, sisi wenyewe je? Nawajibu bila kupepesa. Yupo mkulima anayemwagia pamba maji usiku ili asubuhi iwe nzito. Yupo anayechanganya mchanga. Mchanga ule unaharibu mashine, unashusha sifa ya pamba yetu yote, na mnunuzi akishaujua anapunguza bei ya kila mtu, pamoja na ya bibi kizee aliyechambua pamba yake kwa uaminifu. Wapo pia viongozi wa vyama vya msingi waliojenga nyumba katika msimu ambao wanachama wao hawakulipwa. Na lipo lingine, hili naomba mlisikilize hata kama linachoma. Mkulima huyu huyu anayelia kwamba kalipwa kwa kuchelewa, alimwita kijana wa palizi, wakapatana kwa ngwe, yaani kipande cha shamba kilichopimwa, kijana akamaliza Jumatano, akaambiwa "njoo baada ya mnada." Kwa hiyo kijana asiye na shamba anamkopesha mkulima, mkulima anamkopesha mnunuzi. Tajiri wa kambi anadai haki kwa kiwanda, na baharia wake ana deni la tangu mwezi uliopita. Tukidai tulipwe kwa wakati tukiwa na madeni ya wanyonge kuliko sisi mfukoni, tutaonekana tu watu wanaogombea nafasi ya juu kwenye mnyororo ule ule.

Wazee wetu walipolima kwa makundi, kwa ngoma ya bugobogobo, mwenye shamba hakuliita kundi bila kujua atalilisha nini. Kundi halikuchezewa, kwa sababu lilikuwa kundi.

Kwa hiyo tunadai nini? Mimi siombi huruma, huruma haiingii kwenye kitabu cha hesabu. Naomba tarehe. Kila bei inayotangazwa iambatane na siku ya mwisho ya kulipa, na siku ile ikipita, deni la mkulima lianze kuzaa riba kama deni la benki. Mnunuzi akijua kuchelewa kuna gharama, mtashangaa fedha zinavyopatikana haraka. Naomba mzani usomwe hadi nukta, na usomwe kwa sauti, na mwanachama mmoja asiye kiongozi asimame hapo kila siku ya mnada kama walivyosimama wazee. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani na kubandika stika. Msiuze kwenye mzani usio na stika ya mwaka huu, hata kama karani ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Kwa vibarua, sheria ya ajira ya 2004 ipo, na inatambua hata mkataba wa kazi maalumu, ile inayoisha kazi ikiisha. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Fidia ya kuumia kazini ina mfuko wake tangu 2015, na mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi. Saidia fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, swali la kwanza liwe: huyu mwenye kazi amejisajili? Najua jibu mtakalopata mara nyingi. Ulizeni hivyo hivyo, tena ulizeni mkiwa kumi, kabla ya kupanda jukwaani.

Na mikutano. Bei zinapojadiliwa, wanunuzi wanakuja na wahasibu, benki zinakuja na wanasheria. Sisi tunapeleka mwenyekiti mmoja aliyepewa nauli na mnunuzi. Asiyekuwepo na lake halipo. Chagueni mtu anayejua kuzidisha na kugawanya, mlipieni nauli wenyewe, hata kwa kuchanga mia tano tano, na akirudi asome mbele yenu alichokubali.

Naona naonyeshwa saa. Kuna kijana pale nyuma ameuliza kwa karatasi: mtu mwenye daftari la mnunuzi lisilo na mhuri afanyeje? Jibu: jina lako, kilo, tarehe na saini ya karani vinatosha kuanzia madai, mhuri ukikosekana tafuta mashahidi wawili waliopima siku hiyo. Wenye karatasi ambazo hazijalipwa, meza iko upande wa kushoto chini ya mwembe, vijana wawili wa hesabu watawasaidia kujumlisha na kuandika barua. Njooni na nakala. Ile karatasi yenyewe msimwachie mtu yeyote, hata mimi.